Mwanafunzi wa Nje ya Dirisha

Hebu niambie wewe, elimu humwingia mtu kwa masikio au kwa makalio?

Mwalimu Wangila alifundisha miaka sita kule Kitale, shule ya watoto wenye vitabu vipya na usingizi mwingi. Alipoletwa Bumula kufundisha gumbaru, wazee wanaojifunza kusoma ndani ya kanisa kila Jumanne, alidhani ameshushwa. Kumbe ameinuliwa. Akina mama walifika kabla yake, mikono ingali na udongo wa shamba, na akichelewa dakika tano walimgombeza. Aliyewashinda wote ni Nakhumicha, mjane wa miaka sitini na moja, aliyeuliza maswali mpaka chaki ikaisha.

Mwezi wa nne Wangila akamwoa Nekesa, binti ya Nakhumicha. Na kwetu, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Basi Nakhumicha akabeba kigoda chake, akaketi nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, masomo yakaendelea. Daftari lake lilipitishwa dirishani na jirani yake Phelista, likasahihishwa, likarudi. Swali likiulizwa, jibu lilitoka nje kabla walio ndani hawajafungua midomo. Wangila akabaki kuutabasamia ubao.

Siku ya mtihani wa kusoma akaja mkaguzi Walubengo kutoka Bungoma mjini. Akahesabu vichwa.

"Rejista inasema kumi na wawili. Naona kumi na mmoja."

"Mwingine yuko hapo dirishani," Wangila akasema. "Ni mama mkwe wangu."

"Mwanafunzi hukaa darasani, mwalimu. Huyo wa nje ni mpita njia." Akatoa kalamu nyekundu, akalikata jina. "Hafanyi mtihani."

"Ati mpita njia," Phelista akasema. "Na wewe bana, mama ya bibi yako akikuja kwako mnakaa kochi moja?"

Wenzake wakacheka. Walubengo hakucheka. "Mimi nafuata sheria."

Hasira zikampanda Wangila. Kule Kitale aliwatia alama ya kuhudhuria watoto waliokoroma mbele yake, na hakuna mkaguzi aliyewahi kumkata hata mmoja. Akaweka chaki mezani.

"Sheria yako inataka mwanafunzi awe ndani. Basi mimi natoka kwa mlango wa nyuma, yeye aingie. Simamia mtihani wewe."

Akazunguka nyuma ya kanisa ili asikutane na mkwewe. Akasikia benchi la mbele likivutwa. Kisha sauti ya Nakhumicha, ikisoma ukurasa mzima juu ya ugonjwa wa mahindi, bila kusita hata kwenye yale maneno marefu. Wangila akaegemea ukuta, akacheka peke yake, macho yamemlowa.

"Umesoma vizuri, mama," Walubengo akasema kwa sauti ndogo. "Sasa unataka nikufanyie nini?"

"Usinifanyie kitu," Nakhumicha akajibu. "Tangu uingie hapa unaongea na mkwe wangu juu yangu, mimi ndio unaniuliza sasa. Nataka jina langu lirudi kwa hiyo rejista. Na nipe kalamu, nitaliandika mwenyewe."