Mti wa Wageni Wote

Dhambi kuu ya mgeni wa siku hizi ni kuja kwa ndege inayochafua hewa, na toba yake ni kupanda mti. Shangazi, mwenye nyumba ndogo ya wageni yenye ua wa kuanika shuka moja tu, aliligundua hilo mapema. Akanunua mche mmoja. Mgeni akifika, anaupanda, anapigwa picha, anaondoka na moyo mweupe. Akishatokomea, shemeji yake Shangazi anaung'oa mche kwa heshima zote na kuurudisha ndooni, kumsubiri mwenye toba mwingine.

Mambo yalikwenda murua hadi aliporudi mama mmoja mwenye kofia pana, mgeni wa miaka iliyopita.

"Nimekuja kuuona mti wangu," alisema, mkono kifuani.

Mama huyu ndiye aliyeisifu nyumba ile mtandaoni mpaka ikajaa. Akinuna, vyumba vitalala vitupu.

Mama akauinamia mche. "Mbona haujakua?"

"Una haya," shemeji alidakia. "Ukitazamwa sana, unajikunyata."

"Shemeji, hebu funga bakuli lako!"

Mara mlango wa chumba cha pili ukafunguka, akatoka kijana mwenye ndevu, kopo la maji mkononi.

"Samahani jamani, msiukanyage mti wangu. Nimeupanda jana."

Shemeji akaangalia mawingu kana kwamba amepoteza kitu huko.

"Basi, yaishe," Shangazi akasema. "Ua wenyewe mnauona. Ningempa kila mgeni shimo lake, leo tungekuwa tunanywa chai juu ya matawi. Mti ni mmoja. Mmeupanda nyote."

Mama akavua kofia, akauzunguka mche polepole kama anayetoa heshima za mwisho. Shangazi alishaanza kuviona vitanda vikijaa vumbi.

"Kwa hiyo," mama alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "mimi wa safari hii nitaupanda saa ngapi? Maana nimekuja kwa ndege tena."

"Ngoja kwanza, mama," kijana akaingilia. "Picha yangu ya jana nilitoka nimefumba macho. Naomba nirudie."

"Wewe bado u kijana, utakuja tena!" mama akamkatiza.

Shangazi akageuka kumtafuta shemeji yake. Alikuwa ameshashika jembe.