Nyuki wa Maabara ya Ubongo

Dokta Zamda Yahaya alipoanzisha shahada ya uzamili ya sayansi ya ubongo katika chuo kimoja mjini Tabora, alipewa stoo iliyokuwa ya viti vibovu, na wanafunzi wawili. Lugembe alitoka kwa wafugaji wa Choma. Bertila alikuwa binti wa mfuga nyuki wa Usinge. Panya wa maabara hawakuwepo, wala mashine yoyote ya maana.

“Nyuki nao wana ubongo,” Bertila alisema siku moja. “Na kwetu wamejaa.”

Zamda, mtoto wa mjini aliyelelewa katika nyumba ya fundi cherehani, aliwaogopa nyuki tangu utotoni. Hata hivyo walikwenda Usinge, wakarudi na mzinga. Kila nyuki walimfunga ndani ya kipande cha mrija, kichwa nje, wakamnusisha iliki, kisha wakamwonjesha maji ya sukari. Haikuchukua muda, nyuki akisikia tu harufu ya iliki alitoa ulimi, akingoja sukari. Alikuwa amejifunza. Zamda alisahau woga wake, akawa hataki kutoka mle chumbani.

Mwisho wa mwaka wakaja wakaguzi kuamua kama shahada hiyo iendelee. Kiongozi wao, Profesa Kasimiri, mtu mkavu wa maneno, aliketi mbele ya nyuki. Bertila akapuliza harufu ya iliki. Hakuna ulimi uliotoka. Akajaribu nyuki wa pili, vilevile. Wa tatu akageuza vipapasio pembeni, kama aliyechoshwa na wageni.

Zamda akamgeukia mwanafunzi wake. “Lugembe, asubuhi uliwapa nini hawa?”

“Niliwashibisha, Dokta. Kwetu hata ng’ombe wa mnadani hulishwa kwanza, apendeze.”

Kasimiri aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. “Hata mimi nikishiba sifundishiki,” alisema. “Tuwasubiri waone njaa.”

Wakaenda kula wali na maharage. Alasiri waliporudi, Bertila akapuliza tena. Ulimi mmoja mwembamba ukachomoza, ukafuata mwingine, kisha mstari mzima. Kasimiri akaomba ajaribu mwenyewe. Akapuliza mdalasini ili awatege; wakatulia. Akarudi kwenye iliki. Ndimi zote nje. Wenzake walimwita mara kadhaa waondoke, yeye akawa anaomba mara moja tu zaidi.

Shahada ikapitishwa, na mwaka uliofuata stoo ile haikuwatosha wanafunzi.

Miaka ilipopita, Bertila ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata udaktari wa falsafa hapo, kwa utafiti wake juu ya kifafa kwa watoto wa Nzega. Siku ya mahafali baba yake alimsogelea Zamda, akauliza binti yake aitweje sasa.

“Daktari,” Zamda akamjibu.

Mzee akaliweka sawa koti lake, akamwendea mwanawe.

“Shikamoo, Daktari.”

Bertila alifunika uso kwa viganja, akicheka na kulia. Marahaba ilikataa kutoka. Akampigia baba yake magoti, na joho lake jipya likaenea vumbini.