Samaki Ambaye Hakutajwa

Tangu wahamie Ntimaru, milimani kwa Wakuria, Filister hakuwa ametulia hata siku moja. Mwanawe Elkanah alipata kazi kwenye josho la ng'ombe mwaka wa pili wa Uhuru, akawatoa Homa Bay, kando ya ziwa, wote wawili: mama yake, mjane, na bibi yake mzee, ambaye kila mtu alimwita Min Cephas, yaani Mama Cephas, kwa jina la mwanawe marehemu, mume wa Filister. Elkanah alidhani amewapa raha. Maziwa yalikuwa mengi, mahindi yalikuwa mengi, na baridi nayo ilikuwa nyingi. Lakini ziwa lilibaki nyuma, na Min Cephas akaacha kula.

Hakuacha kwa siku moja. Alianza kwa kusukuma kando maziwa, kisha ndizi, mwisho ugali wenyewe. Kufikia mwezi wa tatu mikono yake ilikuwa kama vijiti vya kuwashia moto. Akiulizwa anataka nini, alijibu kwamba anataka samaki, basi.

Filister akaingia njiani. Alitembea hadi Isebania, akavuka mpaka hadi Sirare, Tanzania, akarudi na omena, dagaa wa ziwani, waliojaa mchanga. Min Cephas akala matonge matatu kwa adabu, akanawa. Filister akasikia kwamba karani mmoja pale Ntimaru, mtu wa Kosele, ametumiwa ngege wakavu, wale sato wa ziwani, na ndugu zake. Akaenda kumbembeleza, akapewa mmoja. Mzee akamdonoa, akashukuru, akageukia ukutani. Filister akaona labda kasoro iko kwenye magadi, maana ya huku hayalainishi mboga kama ya kwao, akaagiza magadi ya ziwani. Wapi. Kila jioni alikuwa anazunguka uani kama mtu aliyeweka kitu mahali akapasahau.

Samaki wabichi walikuwa na mlango mmoja tu: Zadock, mchuuzi aliyeshuka basi Isebania na kupandisha makapu kwa baiskeli. Naye alifika Jumamosi, siku ya soko, akalala, akaondoka Jumapili. Filister alikuwa Msabato tangu usichana wake. Jumamosi hanunui wala hauzi. Isitoshe, Mzee Makori wa kanisa alikuwa amemkabidhi uongozi wa maombi ya akina mama, yeye mgeni, na macho yalikuwa juu yake. Jua likizama na Sabato kuisha, polisi na walimu walikuwa wameshamaliza ngege wote. Siku moja Zadock alimwekea wawili. Kufikia machweo walikuwa wamevunda.

Kilichobaki kila Jumapili ni vipande vyeusi vya kamongo, yule samaki mrefu wa kinamasi aliye kama nyoka, amebanikwa hadi anang'aa mafuta. Hana magamba ya kuonekana, kwa hiyo Wasabato hawamli. Filister alikuwa akivipita huku ameangalia pembeni, kama anapita mlango wa kilabu cha pombe.

Jumapili moja alimkuta Zadock anafunga mizigo. Akaweka kikapu chake chini, wakabishana kidogo kuhusu ngege, akarudi mikono mitupu. Hakujua kwamba kikapu kilikuwa kimekaa juu ya majani yaliyofungia kamongo. Alikiacha kando ya kitanda cha mzee, akaenda mtoni.

Aliporudi, Min Cephas alikuwa ameketi. Siku nane hakuwa ameinuka mwenyewe. Alikuwa amekipakata kikapu, pua yake ndani, macho amefumba. Filister naye akainusa ile harufu ya moshi na mafuta.

"Mama," Filister akasema, "ni kamongo unataka?"

Mzee akakishusha kikapu polepole, kama mtu aliyefumaniwa. "Mimi nimezaliwa kwenye matete, mwanangu. Mama yangu alinipa mboga hiyo kabla sijaota meno. Lakini nyumba ni yako, na ya Mungu wako. Ningeitajaje jikoni kwako?"

Filister alisimama na mtungi kichwani. Miezi mitatu alikuwa amesaga miguu hadi Tanzania, na hakuwahi kuuliza ni samaki gani. Mkwe hamhoji mama wa mumewe kama karani. Alikuwa ametafuta samaki ambaye yeye mwenyewe humpenda. Akamfikiria Mzee Makori, akawafikiria akina mama wa Sabato. Kisha akatazama shimo la bega la mzee, ambalo lingeshika maji. Akatua mtungi, akakimbia.

Alimpata Zadock kwenye kivuko, anasukuma baiskeli. Aliposikia anachotaka, Zadock alicheka hadi akashikilia usukani.

"Mama Elkanah, leo umehama dhehebu?"

"Funga vipande vinne, uache mahubiri."

Alipika nje, nyuma ya ghala, kwenye chungu alichoazimia kiwe cha mzee peke yake. Tatizo likawa kuonja. Yeye hawezi. Akamwita jirani yake Kezia, Mkuria. Kezia akafika na kanga puani, akasema kwao mnyama wa mkia ule hupigwa rungu, haonjwi. Basi Filister akatia magadi kwa kukisia, akaomba, akatia tena, akaogopa, akaacha.

Min Cephas alikula kipande kizima. Alinyonya mifupa mpaka ikawa myeupe, akapangusa sahani kwa ugali, ugali uleule alioukataa. Filister alikuwa amesimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono yake.

"Umeipika kwa woga," mzee akasema. "Magadi hayakutosha. Jumapili ijayo niletee hapa, nitatia mwenyewe."

Jumapili ijayo. Filister aliyasikia maneno hayo, akageuka haraka machozi yasionekane.

Vilibaki vipande vitatu vya kutundikwa penye moshi. Jumatano Mzee Makori angekuja kumwombea mgonjwa, kama kila wiki. Filister alivichukua, akazunguka nyumba mara ya kwanza akitafuta pa kuvificha, akazunguka mara ya pili. Mkono ulikuwa unanuka, na kuusugua kwa majivu hakukusaidia kitu. Mwishowe akaingia jikoni, akavitundika juu ya moto, mkabala na kigoda anachokalishwa mgeni, akaanza kupanga atakachosema.