Mji Alioutazama Mama

Kwa mara ya tatu Gulshan aliusimamisha mkanda wa video palepale. Mama yake amesimama katikati ya soko la dhahabu la Dubai, mikufu imening'inia dukani kwa mafungu kama vitunguu, naye ameipa mgongo. Anatabasamu huku akitazama pasipo na kitu.

"Umeona?" alimuuliza mumewe.

Ghulamabbas alikuwa akivaa viatu vya theluji. "Nimeona dhahabu. Na Mama amependeza. Wewe ukikosa la kuhofia, utalitafuta."

Kuna wanaume hawaoni mpaka waonyeshwe, na wakionyeshwa huulizia miwani. Gulshan alimwacha aende zake msikitini. Mkanda uliletwa na mtu wa jamaati, jumuiya yao ya msikitini, aliyepitia Dubai. Mashine za hapa Kanada hazichezi mikanda ya kule, hivyo alisubiri siku nne duka moja la mtaani kwao Scarborough limnakilie. Alisubiri kwa furaha. Kaka yake Mahmood, anayefanya kazi Dubai, alikuwa amemwita mama yao kutoka Tanga ili amtembeze, na alimpiga picha kila mahali: kwenye ngome ya kale iliyogeuzwa makumbusho, kwenye mbio za ngamia, juu ya vilima vya mchanga.

Kisha wakafika kwenye mashua za kuvukia ule mkono wa bahari unaoukata mji. "Panda, Mama!" anaita Mahmood nyuma ya kamera. Mama anautoa mguu, anapapasa nao hewani, anaurudisha. Anacheka. Mahmood naye anacheka.

Gulshan hakuweza kucheka. Mama yake alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini, na mshono uliopinda aliuona ukiwa ng'ambo ya barabara. Sasa, dukani kwa vitambaa, anakipapasa kitambaa cha zambarau na kusema, "Hiki cha kijani kitampendeza Gulshan wangu." Mwenye duka hajui Kiswahili. Mahmood anabishania bei.

Alimpigia Mama simu. Kule Dubai ilikuwa jioni.

"Mwanangu! Nimeona maajabu!" Mama alisimulia ngome yenye kuta za matumbawe, ngamia wenye mbio kuliko pikipiki, mchanga uliojikunja kama shuka. Alisimulia vizuri mno. Kila alichokitaja, Mahmood alikuwa amekitaja kwanza kwenye mkanda, kwa maneno yaleyale.

"Mama, kitambaa changu ni cha rangi gani?"

"Kijani."

"Ni zambarau, Mama."

Gulshan alianza kujuta kuuliza.

"Usimwambie kaka yako," Mama alisema, sauti imeshuka. "Atanizuia kurudi. Tanga najua kila ngazi na kila kona, najipikia mwenyewe. Hapa nitakuwa wa kukalishwa sebuleni. Ndege yangu ni Alhamisi. Nakuomba, Gulshan."

Siri ya mama ni amana, na Gulshan hakuwahi kuvunja amana. Lakini aliuona tena ule mguu ukitafuta mashua hewani, akaogopa kama hajawahi kuogopa tangu aje nchi hii. Hakupata nafasi ya kujibu. Mahmood alikuwa ameshachukua simu.

"Umeuona mkanda? Mama anafurahi kama mtoto! Kesho nampandisha juu ya lile jengo refu, auone mji wote."

"Kaka, mshike mkono."

"Mama haogopi urefu, wewe."

"Mshike tu. Kwenye ngazi, mlangoni, kila mahali. Usimwachie." Machozi yalikuwa yameshamharibia sauti. "Na Alhamisi usimpandishe ndege peke yake."

Nyuma yake Mama alisikika akiuliza, kwa uchangamfu uliozidi kiasi, iwapo huko juu kuna upepo. Gulshan alimsikia Mahmood akivuta kiti, akiketi.

"Tangu lini?" aliuliza.