Pedali Zilizozaliwa Mchangani

Haya, wewe unayenisikiliza, keti vizuri nikutegee kitendawili. Mapacha wangu wanakimbizana mchana kutwa. Mmoja akipanda, mwenzake anashuka, na hakuna aliyewahi kumshika mwenzake. Ni nani hao?

Mjukuu wangu Jannat alisema ni jua na mwezi. Jirani yangu Husnah alisema ni mume na mke, akacheka mpaka akajishika mbavu. Nikawaambia, basi nipeni mji. Wakanipa Mbarara, mji wa ng'ombe. Nikaenda, nikanywa maziwa yake yote, nikalala, nikarudi, kisha nikawaonyesha kile kinachozuia mlango wetu usibamizwe na upepo: kipande cha alumini, kinene kama nusu mkate, chenye mabega ya mviringo.

"Pedali?" Jannat akashangaa. "Jjajja, hiyo ni pedali?"

Babu yake alikuwa varandani, amekaa na redio yake. Alisikia kitendawili tangu mwanzo. Hakugeuka.

Kipande kile cha mlangoni alikitengeneza yeye. Mume wangu Wahabi alikuwa na karakana ya mabati kule Kasubi, chini ya barabara, aliyoachiwa na baba yake, na baba yake alijifunza kuyeyusha vyuma kwa baba yake mwenyewe, aliyekuja nchi hii akiwa askari na kubaki akiwa mhunzi. Miaka hiyo baiskeli zilikuwa nyingi bado. Zilibeba mikungu ya matoke, zilibeba makaa na madumu ya maji, na mwenye baiskeli akipanda kilima amesimama juu ya pedali, uzito wote wa mzigo na wa maisha yake uko pale chini ya unyayo. Pedali za Wahabi hazikuvunjika. Binti yetu Jalia alikuwa akimtania: "Baba, hizi zimekufuata wewe. Nene, na hazisikii la mtu."

Kazi yangu ilikuwa kuchekecha mchanga. Yeye alikuwa na umbo la pedali lililochongwa kwa mvule, limeshikwa mpaka linang'aa. Alililaza ndani ya fremu ya mbao, akalinyunyizia majivu laini, akashindilia mchanga wenye unyevu juu yake. Kisha alilitoa taratibu, kama mtu anayemvua kiatu mtoto aliyelala. Likitoka salama, linaacha shimo lenye sura yake. Hiyo ndiyo kalibu. Ndani ya shimo hilo tulimwaga masufuria ya watu yaliyotoboka, yakiwa yameyeyuka na kuwa uji mweupe unaotetemeka. Uji ukipoa, tunabomoa mchanga wote, na pedali imezaliwa.

Nilipokuwa mke mgeni nilidhani ile sura nene aliipenda mwenyewe. Siku moja, Jalia akiwa mgongoni, akanishika mkono. "Mama Jalia, pitisha kidole hapa ubavuni. Unasikia mteremko?"

Nikausikia. Mdogo tu, kama paji la uso.

"Si urembo huo. Ni njia ya kutokea. Ubavu ukisimama wima, umbo la mti likitoka linaburuta mchanga na kalibu inaporomoka. Na kona kali ni ya kisu, mchanga hauishiki. Na ukitaka kitu chembamba, uji unapoa njiani kabla haujafika mwisho."

Basi nikaelewa. Mchanga ndio ulioichora ile pedali. Mume wangu alikubaliana nao tu, kama baba yake alivyokubaliana nao.

Pikipiki zikaja, baiskeli zikapungua. Hilo tulilivumilia. Lakini zikaanza kuingia pedali za ng'ambo, na maduka ya Kamwokya yaliyokuwa yakichukua zetu yakaacha moja baada ya jingine, bila ugomvi, kwa tabasamu. Likabaki duka moja, la Obita, Kyebando. Likiacha na hilo, tanuri letu lilikuwa halina wa kuliwashia.

Siku ile tulimpelekea mzigo wetu wa kawaida. Obita alikuwa kijana mwema, mwenye adabu. Alitukaribisha kwenye benchi, akaniulizia hali ya magoti, kisha akatoa pedali kwenye pakiti yake na kumwekea Wahabi mkononi.

Ilikuwa ya alumini kama yetu. Hapo ndipo kufanana kulipoishia. Ilikuwa nyembamba kama biskuti, tupu tumboni, na ndani ina kuta ndogo ndogo zimepangana kama sega la nyuki. Pembeni ina meno ya kushika soli. Ukiinyanyua, mkono unapaa.

"Mzee, sisemi mbaya," Obita akasema. "Kitu yako iko na nguvu. Lakini kastoma anashika hii, anashika yako, anaweka yako chini. Mimi nataka kubaki na wewe, ssebo. Unaweza kunitengenezea kama hii?"

Wahabi aliigeuza. Akaingiza ukucha wa kidole gumba katikati ya kuta zile. Akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Twende, Mama Jalia."

Njiani alinieleza, huku akitazama mbele. Ile imesukumwa kwa mashine ndani ya kalibu ya chuma. Uji haupewi nafasi ya kupoa njiani. Unashindiliwa mpaka kwenye kona ya mwisho. Na chuma hakibomolewi. Kinafunguka kama mdomo, kinatema, kinafumba tena. Ndiyo maana kuta zinaweza kuwa nyembamba vile.

"Sasa utamjibu nini Obita?" nikamuuliza.

"Unichekechee mchanga laini zaidi," akasema.

Akachonga umbo jipya la mvule, lenye kuta nyembamba na meno. Kila alipolitoa, mchanga wa katikati ya kuta uling'oka nalo. Nikachekecha kwa gunia la sukari. Ukang'oka. Nikachekecha kwa pazia. Ukasimama, lakini uji ukaganda nusu ya safari, tukazaa pedali isiyo na vidole. Mwisho, ili uji upate pa kuteleza, nikafungua sanduku langu nikatoa shela niliyoolewa nayo. Wahabi aliitazama, akanisogezea mchanga. Nikachekecha nayo mpaka ikawa nyekundu kwa vumbi la mchanga, na uji ukaganda vile vile.

Obita alimtuma mtu kuuliza. Wahabi akasema, mwambie tuko kazini.

Kisha akafanya kile alichokuwa akikikataza maisha yake yote. Aliizika mchangani ile pedali ya ng'ambo yenyewe. Aliwahi kumfukuza kazi fundi wake mmoja kwa jambo hilo hilo, kwa sababu chuma kikipoa kinasinyaa, na umbo lazima liwe kubwa kidogo kuliko kile unachokitaka. "Ukizika kitu chenyewe," Wahabi alimwambia yule fundi, "kinachozaliwa ni mdogo wake." Sasa nilimwona anaipaka majivu kwa mikono yake mwenyewe. Niliendelea kuchekecha.

Akachochea makaa mpaka uji ukawa mkali kupita kiasi, unafoka. Tukabomoa mchanga. Ikatoka nzima. Ina kuta, ina meno. Ilikuwa ndogo kweli, na tundu la ekseli limebana, akalipanua kwa tupa mpaka ukuta wake ukabaki kama ganda la yai. Lakini ilikuwa nzima, na Wahabi aliinyanyua juani akacheka, kicheko ambacho nilikuwa nimeshakisahau.

"Baba amezaa mgeni!" Jalia akapiga vigelegele.

Alivaa kanzu safi kwenda Kyebando. Pedali aliishika mkononi njia nzima, hakutaka niitie kwenye kikapu. Obita aliipokea kwa mikono miwili. Akaifunga kwenye baiskeli iliyokuwa imesimama dukani, na wateja wakasogea kutazama. Kisha akaipanda, akasimama juu ya pedali ile kwa mguu mmoja, kama anavyosimama mtu kilimani.

Ilitoa sauti ndogo, ya muwa unaovunjwa gotini.

Obita aliwahi kushika kaunta, hakuumia. Pedali ilianguka sakafuni vipande vipande. Pale ilipovunjika ilikuwa ya kijivu, imejaa matundu kama andazi, ya ule uji uliofoka. Mwanamke aliyekuja kununua tairi akatazama pembeni.

"Pole, Mzee." Obita alichuchumaa, akawa anaviokota. "Hakuna neno. Watu huanza hivi."

Wahabi naye akachuchumaa, na magoti yake hayakuwa ya kuchuchumaa tena. Waliokota pamoja mpaka kipande kidogo kabisa. Wahabi akavikusanya vyote, akavitia mfukoni mwa kanzu yake safi. Nikamshika kiwiko akasimama.

"Obita," akasema, "uliniuliza jambo, nikaondoka bila kukujibu."

"Acha tu, Mzee. Siku nyingine."

Mume wangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, nikiwa na ile shela ya kuchekechea begani, bado nyekundu.

"Siwezi," akasema.