Mkia wa Nguruwe wa Sadaka

Tamaa mbele, mauti nyuma. Kwa Ngan Dat tamaa ilimshika nyuma kabisa, penye mkia.

Yeye ndiye aliyewachomea wachimba dhahabu wa Kichina nguruwe wa sikukuu, katika hekalu la mbao walilojijengea juu ya mto, huko milimani Kalifonia. Nguruwe wa sadaka huwa mzima, kichwa hadi mkia, ili shughuli za watu ziwe na mwanzo na mwisho. Lakini mkia ule uliiva ukawa mwekundu, ukamkonyeza. Dat akaung'oa, akautafuna nyuma ya jiko. Kisha akafinyanga mwingine wa unga, akaupaka asali, akaubandika. Mfalme wa Kaskazini, mungu mwenye amri juu ya maji yote, akaandaliwa huo.

Mvua ikakataa. Mfereji ukakauka, na mchanga wa dhahabu hauoshwi kwa mate. Tangu hapo Dat alifagia madhabahu akiwa amempa mungu mgongo.

Watu wakatafuta mwenye nuksi, wakampata mchimbaji mwenzao, Chau Yik, kwa kuwa siku ya sikukuu alionekana na sururu begani.

"Mungu anakula, wewe unachimba," wakamwambia. "Funga virago, bwana, kabla hatujafa njaa."

"Niende wapi?" Yik akauliza. "Kwa wazungu walionifukuza bondeni?"

Dat alikuwa akikoroga uji. Aliukoroga mpaka ukaungua.

Mzee Tam, mkuu wa hekalu, akaamua aulizwe mwenye mvua. Mrusha vibao vya kumuuliza mungu alikuwa Dat huyohuyo. Ni vibao viwili, kila kimoja kina bapa na mgongo. Kimoja kikionyesha bapa na kingine mgongo, mungu amekubali. Vyote mgongo, amekataa. Vyote bapa, basi mungu anacheka.

"Muulize kama Yik aondoke."

Dat akarusha. Bapa na bapa.

"Umeuliza kwa kinywa kichafu," akasema Mzee Tam. "Rudia."

Bapa na bapa. Akarusha tena, na vibao vikayumbayumba sakafuni kama mtu aliyeshika mbavu.

"Anacheka nini?" Mzee Tam akanong'ona. "Nani kamchekesha?"

Yik alikuwa mlangoni, blanketi limeshafungwa kamba, kofia mkononi. Dat akamtazama, akainamisha kichwa.

"Mkia," akasema.

"Mkia gani?"

"Wa nguruwe, Mjomba. Niliula mimi. Ule mliompa mungu ulikuwa wa unga."

Mzee Tam akajigusa shavu. "Na mimi niliyegawiwa mkia, nikayalaumu meno yangu."

Mmoja akacheka, wakaambukizana. "Kama ulihitaji mkia, si ungembandikia huo msuko wako?"

Yik hakucheka. Alikuwa akihangaika kufungua kamba ya blanketi, na fundo lilikuwa limekaza.

Dat akaokota vibao bila kuambiwa. "Ni mimi?" Kimoja bapa, kingine mgongo.

Akachomwa nguruwe mwingine, na Yik akaketishwa kando ya moto kuulinda mkia. Mvua ikaja, si nyingi, ya kulowesha kofia tu. Nyama ilipogawiwa, Yik aliuchukua mkia kwa mikono miwili, kama mtu anayemhudumia mkubwa wake, akauweka katika bakuli la Dat.

"Kula, kaka. Huu ni wa kweli."

Wote wakageuka kutazama. Dat akautia mdomoni. Ukazunguka humo, kushoto, kulia, na Dat akaendelea kutafuna bila kuumeza.