Mikanda Mitatu ya Masereka

...hapana, nukta hii haikai hapa, niifute, na baba mkwe wangu, Mzee Ézéchias, bado amesimama mlangoni mwa ofisi yetu ya vinu, kofia mkononi, "Mama Bénite, fundi menuisier anangojea tarehe ya kuandika ku musalaba ya Muyisa," na mimi nimeshika rula utadhani rula ndiyo itakayomjibu, mikanda kumi na minane ya vinu vya kanisa, kila mmoja na siku zake tangu kufungwa hadi kukatika, kuanzia uliokufa mapema hadi uliodumu zaidi, kila mmoja na nukta yake kwenye karatasi ya grafu, zikijipanga kwenye rula umeijua tabia ya mikanda yako, zikipinda kuna jambo hukulielewa, na mwaka jana zilipinda, Mungu wangu, palepale mwanzoni, siku arobaini na moja, arobaini na saba, hamsini na mbili, mitatu ya kinu cha Masereka, nikasema mikanda yote ni mibovu, itakatika kabla ya mavuno, nikamwambia mume wangu nenda Beni ulete mingine, Muyisa akacheka, "Karatasi yako inanituma kama mutoto," akaenda, hajarudi, sasa miezi minane... "Hata tarehe ya kukisia, mutoto wangu, ili ba mama bakunyoe nywele, matanga iishe"... ndege inashuka uwanjani Rughenda, dirisha linatetemeka, na ni leo asubuhi tu Edmond, msaga unga wa Masereka, ameniambia bila kujua ananiambia nini, "Lakini ile mikanda haikukatika, Mama, basoda balibeba moulin, kinu nzima, na mikanda yote tatu ndani," na mimi daftarini niliandika imekufa, wote hapa tunaandika hivyo, kilichobebwa na askari hakirudi, tunakihesabu maiti, wakati mwalimu wetu wa ufundi alitufundisha kwamba kilichoondolewa kikiwa kizima hakipewi nukta, unahesabu siku ulizokiona kikifanya kazi, unaweka mshale mdogo, zaidi ya hapo hujui kitu... nimezifuta zile tatu, nimepiga hesabu upya, zilizobaki zimelala kwenye rula zimenyooka, wa kwanza kukatika ulidumu siku mia tatu na sita, mikanda ilikuwa mizima, Muyisa wangu hakuwa na haja ya kwenda popote, nilimtuma bure, mimi, kwa penseli, oh roho yangu... "Unanisikia?" nakusikia baba, unataka mwanao apumzike, hata mimi nataka, hatarudi, nimelijua hilo tangu lori alilopanda lilipokutwa tupu njiani, leteni wembe, nitakaa chini na akina mama nilie mpaka sauti ikauke, lakini tarehe sina, nilikwisha kuiandika mikanda iliyochukuliwa kuwa imekufa na tazama kilichotupata, naijua Jumanne aliyoondoka, basi, msalaba ubaki na jina tu, hayo nitamwambia, ila kwanza inabidi nimwambie ni nani aliyemtuma mwanawe, na mzee bado amesimama mlangoni, anangoja tarehe, na mimi naweka rula chini, namsogezea kiti...